Goti Lililopasuliwa Likianza Kuteleza Tena

USALAMA NA AFYA



Somo letu la leo ni juu ya goti. Si goti lolote, ila lile lililokwisha kupasuliwa na mganga. Lilipona, mwenyewe akarudi kazini. Halafu siku moja anashuka kilima na mfuko wa mchanga begani, goti linamwachia, anaanguka. Akitazama, anaona pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele, imekaa pembeni. Ananyoosha mguu, pia inarudi mahali pake. Kesho yake goti limevimba, na mtu hawezi kuchuchumaa.

Mtu kama huyu husikia maneno mengi. Mmoja anamwambia: «Mganga alikuharibu.» Mwingine: «Umelogwa na mwenye kutaka nafasi yako.» Wa tatu anamletea mzee wa kuvuta mifupa. Wa nne anasema: «Rudi upesi, upasuliwe tena.»

Sisi tunakuambia neno moja, na somo lote ni kulieleza neno hilo: kabla ya kisu cha pili, itafutwe sababu. Watu husema dawa ya moto ni moto. Kwa goti, dawa ya kisu si kisu siku zote.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Kazi yetu ni kazi ya magoti. Katika Namoya, tangu siku za SOMINKI, kompani iliyoanzishwa mwaka 1976 na kufungwa mwaka 1997, mpaka kwa wachimbaji wa mikono wa Salamabila, dhahabu imetolewa na watu wanaochuchumaa, wanaopiga magoti, wanaopanda na kushuka na mzigo. Nyumbani nako, mama anachota maji bondeni na kupanda nayo hadi mlangoni.

Mwaka 1972 wataalamu Reilly na Martens walipima nguvu inayokandamiza pia ya goti. Mtu akitembea mahali pa sawasawa, nguvu hiyo ni kama nusu ya uzito wa mwili wake. Akipanda ngazi, inafika zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Akichuchumaa chini kabisa na kuinuka, inapita mara saba. Basi mtu wa kilo 60 anayechuchumaa shimoni anabebesha pia yake zaidi ya kilo 400. Goti zima linavumilia. Goti lililolegea halivumilii.

GOTI LIMEJENGWA NAMNA GANI

Umeona kamba inavyopita juu ya kapi wakati wa kuvuta ndoo kutoka shimoni. Goti linafanya kazi karibu hivyo. Juu kuna msuli mkubwa wa paja. Chini kuna kano nene inayoshika kinundu cha mfupa wa muundi. Katikati imekaa pia ya goti. Ukikunja mguu, pia inateremka ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja.

Vitu vitatu vinaizuia isitoke njiani:

1. Mfereji wenyewe, ukiwa na kina cha kutosha.
2. Kano za pembeni. Ile ya upande wa ndani ndiyo kubwa kwa kazi: mguu ukiwa umenyooka au umekunjwa kidogo, yenyewe hufanya nusu ya kazi, au zaidi kidogo, ya kuizuia pia isiende nje.
3. Msuli wa paja, unaovuta kwa nguvu na kwa wakati wake.

Kimoja kikiharibika, viwili vinaweza kusaidia. Viwili vikiharibika, pia inatoka.

KWA NINI LITELEZE BAADA YA KUPASULIWA?

Sababu ya kwanza: msuli umekonda. Baada ya operesheni yoyote ya goti, msuli wa paja hupungua upesi. Maji ndani ya goti yanauzima zaidi. Yakiwa mililita 20 hadi 30 tu, kama vijiko viwili vikubwa, yanatosha kulegeza sehemu ya msuli iliyo upande wa ndani. Mtu aliyetoka hospitalini bila kufundishwa mazoezi hurudi kazini na paja la mgonjwa.

Sababu ya pili: operesheni ilitibu kitu kingine. Mtu alikuwa na mambo mawili, likatengenezwa moja. Kwa mfano, kipande cha gegedu kiliondolewa, lakini mfereji wake ulikuwa na kina kidogo tangu kuzaliwa. Mwaka 1994 waganga wa Lyon, Ufaransa, pamoja na Henri Dejour, waliandika alama nne wanazoziona mara nyingi kwa watu ambao pia yao inatoka: mfereji usio na kina, pia iliyokaa juu mno, kinundu cha muundi kilicho mbali kuelekea nje kwa milimita 20 au zaidi, na pia iliyoinama upande.

Sababu ya tatu: upande wa nje ulilegezwa kupita kiasi. Zamani wapasuaji wengi walikata kano ya nje ili pia isivutwe upande huo. Mwaka 1988 waganga Hughston na Deese wa Marekani walionyesha kwamba baada ya operesheni hiyo baadhi ya wagonjwa walianza kuteleza kuelekea ndani. Mgonjwa kama huyu akikatwa tena upande wa nje, anazidishiwa ugonjwa uleule.

Sababu ya nne: kilichotengenezwa kimekaa vibaya au kimelegea. Kano iliyopandikizwa ikifungwa mahali pasipo pake, inavuta vibaya. Kinundu cha muundi kikihamishwa kupita kiasi, gegedu inalika. Kuna operesheni iliyoelezwa na Hauser mwaka 1938, iliyopeleka kinundu ndani na nyuma. Pia za wengi ziliacha kutoka, lakini baada ya miaka magoti yao yakachakaa, na waganga wakaiacha.

Sababu ya tano: mfupa wa paja uliunga ukiwa umepinda. Aliyevunjika paja, akatiwa chuma, mfupa ukaunga ukiwa umezunguka kuelekea ndani, anaweza kuteleza pia ingawa goti lenyewe halikuguswa na kisu.

Sababu ya sita: ajali mpya. Ameanguka tena, au waya uliofunga pia iliyovunjika umekatika, au kano imechanika.

Tena fahamu: si kila goti linaloachia ni la pia. Kano za ndani kabisa ya goti zikikatika, au gegedu ikipasuka, mtu anaanguka vilevile. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ni kuchunguza.

PIA IKITOKA KAZINI, TUFANYE NINI?

1. Simamisha kazi. Mtoe mwenzako mahali pa hatari, umkalishe akiegemea nyuma. Usimsimamishe.
2. Mwache anyooshe mguu mwenyewe, polepole. Mara nyingi pia inarudi yenyewe mguu unaponyooka.
3. Isiporudi, usilazimishe, usivute, usipige. Mguu ufungwe ulivyo, kwa mbao mbili na kitambaa, mgonjwa apelekwe dispensere. Goti lenye waya au chuma ndani lisichezewe na asiyefundishwa.
4. Weka kitambaa cha maji ya baridi dakika 15, halafu pumzisha, halafu rudia. Usikande kwa maji ya moto siku za kwanza. Usichanje.
5. Mbebe kwa tipoyi mpaka barabarani. Ikiwa hakuna gari ila pikipiki, mguu ufungwe kwa mbao kwanza, na mtu wa tatu asipande.
6. Mwambie kapita siku ileile, ajali iandikwe. Ajali isiyoandikwa ni vigumu kuidai kesho.

Alama nne za kukimbilia hospitali bila kungoja kesho: pia haikurudi, mgonjwa hawezi kuinua mguu ulionyooka kutoka kitandani, goti lina moto, lina usaha, au mwili una homa, mguu chini ya goti umekuwa baridi au umekufa ganzi.

MGANGA ANATAFUTAJE SABABU?

Anaanza kwa kuuliza, na wewe ndiwe mwenye majibu. Jiandae kueleza: ulipasuliwa mwaka gani, na wapi, uliumwa nini kabla ya operesheni, ulipona kwa muda gani, pia ilitoka mara ngapi, inaelekea nje au ndani, ilitoka ukifanya nini, goti lilivimba baada ya saa ngapi. Goti linalojaa ndani ya saa chache mara nyingi limejaa damu, maana yake kuna kitu kilichochanika au kuvunjika.

Kisha anatazama magoti yote mawili, maana goti zima ni kipimo cha goti gonjwa. Anapima unene wa mapaja kwa utepe, mahali palepale pande zote mbili, kwa mfano sentimita 15 juu ya pia. Anakutazama ukisimama, ukitembea, ukikunja na kunyoosha. Halafu anakunja goti kidogo na kuisukuma pia taratibu kuelekea nje. Ukishtuka na kumshika mkono, hiyo ni alama kubwa. Mwambie asukume na kuelekea ndani pia, hasa kama uliwahi kukatwa upande wa nje.

Baadaye anaomba radio. Picha ziwe tatu: ya mbele, ya pembeni goti likiwa limekunjwa kidogo, na ya kuonyesha mfereji. Hii ya tatu husahauliwa mara nyingi, na ndiyo inayoonyesha kama pia imekaa njiani. Merchant na wenzake wa Marekani waliieleza njia yao ya kuipiga mwaka 1974, goti likiwa limekunjwa digrii 45. Haihitaji mashine ya ajabu, mashine ya kawaida ya radio inatosha. Uliza kwa heshima: «Mganga, picha ya mfereji imepigwa?» Skana na IRM hufuata baadaye, katika miji mikubwa, kwa mtu anayefikiriwa kupasuliwa tena. Skana ndiyo inayopima umbali wa kinundu na mzunguko wa mfupa wa paja.

KARATASI YA OPERESHENI YA KWANZA

Hapa, ndugu msomaji, ndipo wengi wetu tunapokosa. Mganga wa pili anauliza: «Walikufanyia nini?» Mgonjwa anajibu: «Walipasua tu.» Kovu haliwezi kueleza yote. Mganga asiyejua kama kano ya nje ilikatwa, au kama kuna chuma ndani, anafanya kazi gizani kama mchimbaji bila taa.

Watu wa Kasongo wanafahamu faida ya karatasi. Katika miaka ya 1970, waganga wa hapo pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walipanga vituo vya afya na hospitali vifanye kazi kama kitu kimoja: mgonjwa anaanza kituoni karibu na kwake, na mwenye ugonjwa mkubwa anatumwa hospitalini. Kazi hiyo, inayojulikana kama Mradi wa Kasongo, ilisomwa na waganga wa nchi nyingi.

Basi fanya hivi. Siku ya kutoka hospitalini, omba karatasi iliyoandikwa jina la operesheni, tarehe, kilichokatwa, kilichotiwa ndani. Iweke katika mfuko wa nailoni pamoja na picha za radio, mbali na mvua na panya. Mama wa nyumba ajue ilipo. Ikiwa ulipasuliwa zamani bila karatasi, tuma ndugu aende kuiulizia katika vitabu vya chumba cha operesheni. Safari hiyo inaweza kukuokoa na kisu kisicho na maana.

MATIBABU

Kama hakuna kilichovunjika, hakuna usaha, na kano ya msuli ni nzima, mara nyingi tunaanza bila kisu. Mguu unapumzishwa kwa siku chache au wiki chache, mtu anatembea kwa magongo. Plasta ya miezi haifai: inaua msuli uleule tunaouhitaji. Baada ya hapo ni mazoezi, pamoja na mganga wa mazoezi, yule tunayemwita kine. Kama umepasuliwa majuzi, fuata kwanza amri ya aliyekupasua.

Mazoezi haya unaweza kuyafanya kwenye mkeka:

1. Kaa, nyoosha mguu, weka kitambaa kilichokunjwa chini ya goti. Kandamiza kitambaa kwa kukaza paja. Hesabu hadi tano, legeza. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.
2. Lala chali, kunja mguu mzima. Inua mguu mgonjwa ukiwa umenyooka, kadiri ya shubiri moja. Hesabu hadi tano. Mara kumi.
3. Lala ubavu, mguu mgonjwa juu. Uinue ukiwa umenyooka. Msuli wa nyonga ukiwa dhaifu, goti linaanguka ndani na pia inasukumwa nje.
4. Lala chali, kunja magoti yote mawili, inua matako. Hesabu hadi tano.
5. Baada ya wiki kadhaa, uvimbe ukiisha: egemea ukuta, shuka kidogo tu kana kwamba unataka kukaa, halafu panda. Usichuchumae.
6. Mwisho: simama kwa mguu mmoja, kisha panda na kushuka tofali moja.

Goti likivimba usiku, umezidisha. Punguza, usiache. Endelea kwa miezi mitatu kabla ya kusema mazoezi hayasaidii.

Tuseme ukweli: mazoezi hayawaponyi wote. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2004, kati ya watu ambao pia yao ilitoka mara ya kwanza, karibu mmoja katika sita alirudiwa ndani ya miaka michache. Kati ya wale waliokwisha kupatwa mbele, karibu nusu walirudiwa. Kwa hiyo anayeendelea kuanguka baada ya mazoezi ya kweli anastahili kuonwa na mpasuaji wa mifupa.

Hapo operesheni ifuate sababu. Kano ya ndani ikiwa imekatika, hutengenezwa mpya kwa kano iliyotolewa nyuma ya paja. Kinundu kikiwa mbali, huhamishwa kwa kipimo. Upande wa nje ukiwa umelegezwa kupita kiasi, hurudishwa na kukazwa. Mfupa wa paja uliozunguka hukatwa na kunyooshwa. Mfereji wenyewe huchimbwa kwa wachache tu. Usaha ukiwepo, hutibiwa kwanza, na mengine yanangoja.

Kazi hizi si za kila hospitali. Mganga wa Kasongo au Kindu ndiye wa kukuambia uende wapi. Goma kuna HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na mpasuaji wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn. Lakini vita vya mwaka 2025 vilibadili safari za Goma na Bukavu, basi uliza njia kabla ya kuuza mbuzi.

KURUDI KAZINI

Usirudi kwa sababu mshahara umeisha, wala kwa sababu maumivu yamepungua. Rudi goti linapotimiza mambo haya matano:

1. Halina uvimbe, hata jioni.
2. Linakunjika na kunyooka kama lile jingine.
3. Mapaja yamekaribia kulingana kwa utepe.
4. Unasimama kwa mguu mmoja na kushuka ngazi bila goti kutetemeka.
5. Mganga akisukuma pia, huogopi.

Baada ya operesheni ya kutengeneza kano, kazi nzito mara nyingi hungoja miezi sita au zaidi. Wakati huo mwombe mkubwa wa kazi akupe kazi nyepesi: kuchagua mawe ukiwa umekaa juu ya kiti, kulinda stoo, kuandika. Na wewe kapita, usimtume mtu wa goti bovu kushuka shimoni. Akianguka kwenye ngazi ya miti, anaanguka na aliye chini yake. Chongeni ngazi kwenye njia ya kilima, gaweni mfuko mzito mara mbili.

NENO KWA JAMAA

Mama, mume wako anapokaa nyumbani miezi mitatu akiinua mguu juu ya mkeka, jirani watasema ni mvivu. Wewe unajua ni kazi. Mhesabie. Watoto nao wahesabu pamoja na baba yao, hadi tano, mara kumi. Msikubali goti lichanjwe wala livutwe. Na kijana wa nyumbani, hasa msichana anayekua, pia yake ikitoka kwenye mchezo, apelekwe kituoni mapema. Goti lake nalo litafutiwe sababu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Soma, jibu na wenzako, halafu utazame juu kama umejibu vizuri.

1. Vitu gani vitatu vinaizuia pia isitoke njiani?
2. Kwa nini maji kidogo ndani ya goti ni hatari kwa msuli?
3. Alama gani nne zinakuamuru kukimbilia hospitali?
4. Picha gani ya radio husahauliwa?
5. Karatasi ya operesheni yako iko wapi leo?

Swali la tano hatuwezi kukujibia. Ukifika nyumbani jioni hii, fungua sanduku, uitafute.